Yas Marina kwa fundi tairi wa Wete: ukae wapi, utazame nini

Swali limetoka Wete, Pemba. Mwenyewe ni fundi tairi. Mwaka huu, inshaallah, anakwenda Abu Dhabi kwa ami yake, na ami ameahidi kumlipia tiketi ya mbio za Formula 1 katika njia ya Yas Marina. Anauliza mambo matatu: akae jukwaa gani, akishakaa atazame nini, maana ameambiwa kuwa uwanjani huoni kitu ila gari kupita vuu na kupotea, na sala ya Magharibi ataiwahi vipi, kwa kuwa mbio huanza jioni.

Waalaykumu ssalaam fundi, na safari iwe ya heri.

La kwanza nalijibu hapa hapa: kaa pale magari yanapofunga breki, usikae pale yanapoanzia. Kwa Yas Marina maana yake ni jukwaa la kaskazini, ambalo kwenye tiketi limeandikwa North Grandstand, lililo kwenye kona ya 5. Au la magharibi, West Grandstand, lililo kwenye kona za 6 na 7. Jukwaa kuu la mbele ya piti, yaani pale magari yanapoingia kubadilisha tairi, ndilo linalosifiwa na watu wengi, na bei yake hufuata sifa hiyo. Lakini pale gari linapita kwa kilomita 300 kwa saa, yaani mita 83 kila sekunde. Ukipepesa jicho limeshapita. Huyo aliyekwambia habari ya vuu bila shaka alikaa pale. Kwenye kona ya 6 gari lile lile linateremka kutoka zaidi ya 320 hadi chini ya 100 mbele ya macho yako: unaona tairi ya mbele ikigoma kuzunguka kwa breki, unaona moshi, unaona nani kathubutu kuchelewesha breki na nani kaogopa. Mbio zinaamuliwa hapo.

Kabla ami hajalipa, fungueni ramani ya viti mtazame namba za kona, msitazame jina la jukwaa tu. Ramani nyingi za zamani bado zimezagaa mtandaoni zikiwa na kona 21, nazo zinapotosha: kona inayoitwa 7 kwenye ramani ya zamani ndiyo 5 ya leo, na 8 na 9 za zamani ndizo 6 na 7 za leo. Ukiona kona 21, ifunge ramani hiyo utafute nyingine.

Sababu ya namba kubadilika ni hii. Njia ilifunguliwa 2009, na mbio za kwanza zilikimbiwa tarehe 1 Novemba mwaka huo, mshindi akiwa Sebastian Vettel. Mchoraji wake ni Mjerumani, Hermann Tilke. Ilikuwa na urefu wa kilomita 5.554, na ilikuwa nzuri kwa macho lakini ngumu kwa kupitana. Mwaka wa pili tu, 2010, Fernando Alonso alifika akiongoza msimu, akaingia piti mapema, akatokea nyuma ya Vitaly Petrov na hakuweza kumpita mpaka mwisho. Gari lake lilikuwa na kasi zaidi, lakini njia haikumpa nafasi. Akaukosa ubingwa kwa pointi 4. Malalamiko yaliendelea miaka kumi, na 2021 njia ikafumuliwa: zile kona mbili ndogo kabla ya kona ya kurudi nyuma zikaondolewa, kundi la kona nne karibu na bandari ya mashua likageuzwa kuwa kona moja ndefu yenye mwinamo, ndiyo ya 9, na sehemu ya hotelini ikapanuliwa. Leo urefu ni kilomita 5.281, kona 16, mizunguko 58, jumla kilomita 306.183. Pemba yetu ina urefu wa kilomita 67 hivi. Ni kama kuikata kisiwa kizima mara nne na nusu, kwa saa moja na nusu.

Sasa mzunguko wenyewe, kama unavyotakiwa kuujua kabla hujakaa kitini.

Magari huzunguka kinyume cha mwendo wa saa. Baada ya mstari wa kuanzia kuna mnyoosho mfupi, halafu kona ya 1, ya kushoto, mraba. Kutoka hapo kona za 2, 3 na 4 hupitwa kwa kasi kubwa bila kuinua mguu, gari likiyumba huku na huku, ardhi ikipanda na kushuka kidogo. Kinachofuata ni kona ya 5, ya kushoto, inayolirudisha gari lilikotoka. Zamani ilikuwa nyembamba, siku hizi imepanuliwa ili dereva aweze kuchagua kuingia ndani au nje. Kutoka kwake ndiko kunakoamua kila kitu kinachofuata, kwa sababu mbele yake kuna mnyoosho wa karibu kilomita 1.2. Dereva aliyetoka kona ya 5 vibaya, akachelewa kukanyaga mafuta kwa nusu sekunde, atalipa deni hilo mnyoosho mzima.

Mwisho wa mnyoosho huo ni kona za 6 na 7, pacha: kushoto kisha kulia, polepole. Halafu mnyoosho wa pili, uliopinda kidogo, kisha kona ya 9.

Hapa pana jambo ambalo wanaotazama televisheni hulikosa. Anayempita mwenzake kwenye kona ya 6 hajamaliza kazi. Akiingia kwa ndani kwa breki za kuchelewa, kona ya 7 inamtoa nje ya mstari mzuri, anaanza mnyoosho wa pili kwa kasi ndogo, na yule aliyepitwa anamrudia kabla ya kona ya 9. Miaka ya bawa la nyuma linalofunguka, DRS, mfumo uliodumu hadi 2025, kila mnyoosho ulikuwa na eneo lake la kulifungua, kwa hiyo aliyepitwa kwenye wa kwanza alipewa silaha kwenye wa pili. Ndivyo Sergio Pérez, mwenzake Max Verstappen katika timu moja, alivyomzuia Lewis Hamilton 2021: alikuwa na tairi zilizochoka kabisa, lakini kila akipitwa alirudisha, na pengo la Hamilton mbele ya Max Verstappen likayeyuka kwa sekunde kadhaa. Tangu 2026 mabawa yanabadilika umbo kwa magari yote kwenye minyoosho, na anayefukuza akiwa chini ya sekunde moja nyuma hupata nguvu ya ziada ya umeme. Lakini jiografia ya njia haikubadilika. Ukiona dereva mzoefu yuko karibu kabisa kwenye kona ya 6 na hajaribu, usiseme ameogopa. Huenda anaisubiri ya 9.

Kona ya 9 ni ndefu, ya kushoto, na imeinamishwa kwa ndani kama barabara nzuri za mlimani, ili gari lishike. Baada yake njia inaingia sehemu ya kona fupi fupi, inapita chini ya daraja la hoteli iliyojengwa juu ya njia, zile taa za buluu na zambarau unazoziona kwenye picha, na kurudi kwenye mstari. Sehemu hii ya mwisho ni nzuri kupiga picha. Kwa kutazama mbio, ni ya kupita haraka: kupitana ni nadra. Kazi yake kubwa ni kuzichemsha tairi za nyuma, na hapo ndipo tunapoingia kwenye fani yako.

Kwenye banda lako tairi kipara ni ya kutupwa. Kule gari linakwenda kipara kwa makusudi. Kashata za tairi ya kawaida kazi yake ni kutoa maji; njia ikiwa kavu, kila mfereji ni mpira uliopotea, kwa hiyo tairi ya kavu ya Formula 1 haina mfereji hata mmoja, mpira wote unagusa lami. Unavyoziona kingo zimechorwa rangi: nyekundu ni mpira laini, njano wa kati, nyeupe mgumu. Msambazaji ni mmoja tu, Pirelli, na kwa Yas Marina miaka ya karibuni huleta aina laini zaidi ya zote alizonazo, kwa sababu lami ya pale haili tairi sana. Kokoto za lami hiyo zilitolewa Uingereza, machimbo ya Bayston Hill karibu na Shrewsbury, kwa vile jiwe lake ni gumu na halisuguliki kuwa laini.

Rimu ni ya inchi 18, na hufungwa kwa nati moja tu katikati. Upepo ni mdogo kuliko unavyodhani, kati ya 20 na 25 psi hivi, wakati teksi inayokuja kwako unaijaza 30 na zaidi. Upepo ukiwa mdogo, ubavu wa tairi unajikunja, sehemu kubwa ya mpira inagusa chini, na joto linapanda. Timu zingependa kushusha zaidi ya hapo, ndiyo maana Pirelli huweka kiwango cha chini na wakaguzi hupima. Kabla ya kufungwa, tairi hulazwa ndani ya mablanketi ya umeme yenye joto la nyuzi 70. Zikiwa njiani hutakiwa kukaa karibu na nyuzi 100. Chini ya hapo mpira ni kama ubao, gari linateleza. Juu ya hapo uso wa mpira unalainika kupita kiasi, gari linateleza vilevile, ila kwa sababu tofauti.

Sasa unganisha na njia. Kwa kuwa wanazunguka kinyume cha saa, kona nyingi za kasi ni za kushoto, na uzito wa gari unaegemea kulia. Kona ya 9 ndiyo mkandamizaji mkuu wa tairi ya mbele kulia. Ikiwa baridi, uso wake unachanika chembe chembe, chembe zinajikunja na kubandika juu ya tairi yenyewe, na dereva anahisi pua ya gari inakataa kugeuka. Utaliona hili kwa macho kutoka jukwaani: gari linaingia kona, usukani umekatwa, lakini gari linaendelea kwenda nje. Halafu sehemu ya hotelini inadai kinyume chake. Kona ni za polepole, dereva anakanyaga mafuta mara kwa mara akitoka kona moja kuingia nyingine, tairi za nyuma zinazunguka kuliko gari linavyokwenda, zinachemka. Hivyo mekanika yuko kati ya mambo mawili: akilipanga gari lilinde tairi ya mbele, za nyuma zinaungua, akizilinda za nyuma, pua inakataa. Hakuna gari lililopangwa sawasawa kwa Yas Marina nzima. Kuna lililokosea kidogo kuliko mengine.

Na jicho lako la kazi litaona kitu kingine. Kando ya mstari yanapopita magari, baada ya mizunguko ishirini hivi, utaona vipande vyeusi vimetapakaa. Ni mpira uliomenyeka. Mstari wenyewe umekuwa mweusi na unashika. Nje yake ni kama kukanyaga mchanga mkavu juu ya saruji. Ndiyo maana anayejaribu kupita kwa nje kwenye kona ya 6 huchukua hatari mara mbili: breki zake hazina mshiko, na akitoka pale tairi zimebeba vipande hivyo, kona mbili zinazofuata zinatetemeka. Siku ya Ijumaa hali ni mbaya zaidi, kwa sababu vumbi la jangwa limelala juu ya lami wiki nzima na halijafagiliwa na mpira. Muda wa Ijumaa mchana usiupe uzito.

Tukizungumza muda: ratiba ya miaka ya karibuni imekuwa hivi, kwa saa za Abu Dhabi, ambazo ziko saa moja mbele ya kwetu. Ijumaa mazoezi ya kwanza saa 7:30 mchana, ya pili saa 11 jioni. Jumamosi mazoezi ya tatu saa 8:30 mchana, kusaka nafasi za kuanzia mbio saa 12 jioni. Jumapili mbio saa 11 jioni. Tazama: mazoezi ya kwanza na ya tatu hufanyika jua likiwaka, mbio hufanyika jua likizama. Lami ya mchana inakuwa na joto kubwa kuliko ya jioni, na gari lililopendeza mchana linaweza kuwa zito usiku. Kwa hiyo mazoezi ya pili ya Ijumaa ndiyo yanayofanana na mbio. Kama ami atakuwa na nafasi ya kukupeleka siku moja tu kabla ya Jumapili, nakushauri iwe Ijumaa jioni. Timu huweka mafuta mengi na kukimbia mizunguko mfululizo kupima uchakavu wa tairi. Chukua kalamu, uandike muda wa kila mzunguko wa magari mawili matatu. Anayeanza na kasi na kuporomoka baada ya mizunguko minane, Jumapili atateseka. Asiye na kasi kubwa lakini muda wake hausogei, huyo mtazame.

Piti nayo ina jambo ambalo utalipata Yas Marina tu. Mahali pengine gari likitoka piti linaungana na wenzake kando ya njia. Hapa njia ya kutokea inateremka, inapita kwenye handaki chini ya kona ya 1, na kuibukia upande wa pili. Ni nyembamba, ina kuta pande zote, na dereva anaingia akiwa na tairi mpya ambazo bado hazijapata joto la kutosha. Akikanyaga mafuta mapema anazunguka na kugonga ukuta, na akikwama mle amewafungia njia wote watakaotoka piti nyuma yake. Ndiyo maana utaona madereva wakubwa wanatoka pale taratibu kuliko unavyotarajia.

Ndani ya piti mwendo hauruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa. Kuingia, kubadilisha na kutoka humgharimu dereva sekunde 20 na kitu, lakini kubadilisha tairi zote nne kwenyewe huchukua kati ya sekunde 2 na 3. Rekodi ni 1.80, McLaren, Qatar 2023. Watu watatu kwa kila gurudumu: mmoja ana mashine ya kufungulia nati, mmoja anatoa tairi kuukuu, mmoja anaweka mpya. Wa jeki mbele na nyuma. Kinachoharibika mara nyingi wala si nguvu. Dereva akisimama sentimita ishirini mbele ya alama, watu kumi na mbili wote wanalazimika kusogea, na mwenye mashine anaishika nati kwa pembe. Nati ikikaa upande, hesi zinakula, na zile sekunde 2 zinakuwa 10. Wewe unalijua hilo kuliko mtazamaji yeyote atakayekaa karibu nawe. Mashindano yakiwa makavu, kila dereva lazima atumie angalau aina mbili za mpira, kwa hiyo kila mmoja ataingia angalau mara moja, na pale wengi huingia mara hiyo moja tu.

Najua hapo umeanza kulitamani jukwaa kuu, ili uone piti. Ningekuwa na tiketi moja ya kukuchagulia bado ningekupa kona ya 6, kwa sababu kubadilisha tairi utakuona kwenye skrini kubwa, na kasi yake haionekani vizuri kwa mbali. Lakini kama tiketi mtakayonunua ina matembezi ya piti ya Alkhamisi, usiyakose hata kwa dawa. Hapo utasimama hatua chache kutoka milango ya timu, mafundi wakiwa kwenye maandalizi, na utauona mpira kwa karibu: mpya una ngozi inayong'aa na vinyweleo vya kalibu, uliotumika una ukurutu na chembe zilizoungua kwa ukingo mmoja kuliko mwingine. Kutokana na ukingo ulioliwa utajua gurudumu lilikaa wima au liliinamishwa.

Namna ya kutazama ukiwa kitini: chagua kitu kimoja kisichohama, nguzo au ubao wa umbali kabla ya kona, na utumie saa ya simu. Gari la mbele likifika pale bonyeza, la nyuma likifika bonyeza tena. Fanya hivyo kila mzunguko kwa watu wawili wanaofukuzana. Sekunde 3, 2.6, 2.1, 1.7: shambulio liko njiani, na utakuwa umelijua kabla mtangazaji hajalisema. Ikishuka chini ya 1 acha saa, tazama kona. Ikishuka mpaka 1.2 kisha ikasimama hapo mizunguko mitano, anayefukuza anaungua kwa hewa chafu, yaani hewa iliyovurugwa na gari la mbele. Tairi zake hazipoi, na huenda timu ikamwita piti mapema ili apate tairi mpya na kasi ya kumruka mwenzake. Hesabu nyingine ni ya kiongozi: akiwa mbele ya kundi kwa sekunde 22 au 23, anaweza kuingia piti na kutoka bila kupoteza nafasi. Timu zote zinacheza na namba hiyo jioni nzima.

Na gari la usalama, lile linalowaongoza wote baada ya ajali, likitoka hesabu zote zinafutwa, kwa kuwa wote wanakwenda polepole na kuingia piti kunakuwa nafuu. Ndivyo ilivyokuwa 2021. Hamilton na Verstappen walifika na pointi sawa, 369.5 kila mmoja. Hamilton aliongoza karibu mbio zote. Zikibaki mizunguko mitano, Nicholas Latifi akagonga ukuta, gari la usalama likatoka, Verstappen akaingia kuvaa tairi laini mpya, Hamilton akabaki na ngumu alizovaa tangu mzunguko wa 14. Mbio zikafunguliwa kwa mzunguko mmoja wa mwisho, na Verstappen akapita kwa ndani kwenye kona ya 5. Uamuzi wa jinsi ya kuzifungua mbio ulizua ugomvi ambao bado haujaisha, lakini kwa upande wa mpira hapakuwa na mjadala: tairi laini ya mizunguko michache dhidi ya ngumu ya mizunguko arobaini na zaidi. Njia hii hufunga msimu, kwa hiyo ubingwa umeamuliwa hapa mara kadhaa: 2010, 2014, 2016, 2021, na 2025, Lando Norris alipomaliza wa tatu akaubeba kwa pointi 2 tu.

Habari ya Magharibi. Mwanzoni mwa Disemba jua la Abu Dhabi huzama kiasi cha saa 11 na nusu jioni na dakika chache. Mbio zinaanza saa 11, zinamalizika karibu na saa 12 na nusu kama hapakuwa na ajali. Yaani Magharibi inaingia mbio zikiwa thuluthi ya kwanza, na zikimalizika muda wake bado upo, ila umebana, maana Isha inaingia kabla ya saa 1 usiku. Sehemu za kusalia zipo uwanjani. Siku ya Ijumaa zitafute mapema ujue iliyo karibu na jukwaa lako, uhesabu na dakika za kufika, kwa sababu zikimalizika mbio ngazi zinafurika. Chukua udhu kabla hujakaa. Wakati mwepesi wa kutoka na kurudi ni baina ya mzunguko wa 25 na 35, wengi wakiwa wameshaingia piti na mwisho haujakaribia. Kuhusu ruhusa ya msafiri kukusanya sala, muulize shehe wako hapo Wete kabla hujaondoka na umwambie utakaa siku ngapi, kwani hukumu inafuata hizo siku.

Yaliyobaki ni madogo. Pasi ya Tanzania inahitaji viza, msiiache mpaka wiki ya mwisho. Tiketi mnunue kwenye tovuti ya uwanja wenyewe, msinunue kwa mtu anayetuma picha kwenye simu. Yas ni kisiwa, iko karibu sana na uwanja wa ndege wa Zayed na kama kilomita 30 kutoka mjini Abu Dhabi. Ukishukia Dubai, kwa gari ni saa moja na robo hivi siku ya kawaida, na siku ya mbio uongeze. Droni ni marufuku, na kumpiga mtu picha bila idhini yake kule ni kosa la kisheria. Majukwaa yana paa, jua halitakusumbua sana, lakini jioni inapoa kufikia nyuzi 20 na upepo wa bahari unavuma. Wewe uliyezoea kaskazi ya Pemba utaihisi, beba sweta. Beba na vizibo vya masikio. Injini za siku hizi si kali kama za zamani, ila magari 22 yakianza pamoja chini ya paa, masikio yanauma, hasa mkienda na watoto wa ami.

Tena, mara kadhaa kwa wiki, jioni, nje ya msimu wa mbio, uwanja hufungua njia kwa watu kutembea, kukimbia na kuendesha baiskeli, bila malipo. Kama utabaki kwa ami baada ya mashindano, ulizia siku zitakapoanza tena. Tembea kutoka kona ya 5 mpaka ya 7 kwa miguu. Inama kwenye ubao wa mita 100 kabla ya kona ya 6, ushike lami: mstari mweusi utauhisi kwa vidole kuwa laini na unanata kidogo, na hatua mbili pembeni unakwaruza. Michirizi miwili iliyonyooka inayoanza pale ni tairi zilizogoma. Ukiikuta inakwenda moja kwa moja bila kupinda, huyo hakuiwahi kona.